Mama wa Kipipa cha Zelinda

Carmignano, 10 Januari 1962

Dada yangu Isolina,

Pokea salamu za mdogo wako. Natumaini goti limekuachia sasa, na shemeji amepona kile kikohozi. Sisi hatujambo. Duilio mzima, na watoto wanakula kama nzige. Zabibu za trebbiano na malvasia tulizotundika darini zimekauka vizuri hadi zimejikunja, wiki ijayo tutazikamua.

Habari kubwa ni kwamba Jumapili tulifungua kile kipipa tulichokiziba kwa saruji miaka mitano iliyopita. Divai ya vinsanto haichunguliwi, dada. Unaiacha darini ipigwe na joto na baridi, na mpaka siku ya kufungua hujui kama utakunywa divai au siki. Mama mkwe wangu, Zelinda, alivaa gauni la kanisani na kumwalika padri. Alionja, akafumba macho, akasema hii ndiyo ladha ya nyumba hii tangu enzi za bibi mkwe wake, na kwamba Argia wa ng'ambo ya barabara akionjeshwa tone moja tu atakwenda kujificha. Hao wawili hawajasemezana miaka kumi na tisa, tangu Argia aseme kwenye ubatizo kwamba vinsanto ya Zelinda inanuka soksi. Wageni wa Jumapili walicheka. Mimi niliinamia sahani yangu.

Sasa kaa chini, nikuambie nilichokificha miaka yote hii.

Mwaka ule tulipokiziba kipipa nilikuwa bado bi harusi mpya, na nilitaka sana kusifiwa. Zelinda aliniambia nitoe divai ya zamani kwenye kipipa ili kesho tutie mpya. Nikakuta chini kuna mashapo ya rangi ya kahawia, mazito kama uji. Nikaona uchafu. Nilimwaga yote mtaroni, nikasugua kipipa kwa maji ya moto na magadi mara tatu. Jioni, tukila supu, Zelinda akaniuliza kama nimeangalia nisimsumbue mama. Ndivyo wanavyoyaita yale mashapo. Ndiyo hamira ya vinsanto, hurithishwa kutoka kwa mke hadi mke, na yakipotea yamepotea. Nikajibu kwamba mama yuko salama.

Alfajiri nilipita nyuma ya zizi, nikaenda kwa Argia. Hakuna mwingine karibu aliyekuwa na mashapo ya zamani namna ile. Alinisikiliza, akaniuliza nilisugua mara ngapi, akasema ama kweli nina mikono ya kazi na kichwa cha kuku, na Zelinda akijua atanirudisha kwetu pwani na kapu langu. Kisha akanichotea nusu ya mama wake kwenye mtungi niliokuja nao na kuniambia nifunge mdomo.

Kwa hiyo ladha aliyoisifu Zelinda mbele ya padri ni ya Argia.

Ningenyamaza hadi kaburini. Lakini wageni walipoondoka, Zelinda aliniita darini, akanionyesha jinsi ya kumtunza mama asikauke, akasema yeye amezeeka, kuanzia sasa ni wangu. Hapo nilishindwa. Nilimwambia yote, nikilia mpaka kamasi.

Alivua aproni, akachukua chupa, akavuka barabara. Nilisimama dirishani nikingoja kusikia sahani zikivunjika. Saa nzima ikapita kimya, nikaogopa zaidi, nikamfuata.

Niliwakuta mezani, mashavu yamewaiva, chupa imefika nusu. Argia alikuwa anaigiza nilivyoingia kwake na ule mtungi. Zelinda alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Aliponiona alivuta kiti karibu yake, akamwambia Argia asinicheke sana, maana huyu ni binti yake. Miaka sita, dada, alikuwa ananiita mke wa Duilio.

Nisalimie wote, na mbusu mama yetu mikono. Chupa yenu itakuja na Duilio mwezi ujao. Inyweni taratibu.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Norma