Mipira ya Kigongo na Busisi

Shikamoo Bi Hadiya,

Naomba unisaidie kuamua kabla ya Ijumaa, maana hapa nilipo nimegawanyika. Mimi ni fundi bomba, mwanamke, naishi Buswelu, na kwa miezi mitano sasa naongoza mafundi wanne tunaofunga mipira ya maji ya kupoza seva, yaani zile kompyuta kubwa zinazotunza kumbukumbu za watu, zimepangwa kwenye makabati ambayo sisi tunayaita raki, na zikifanya kazi zinachemka hata feni hazitoshi, kwa hiyo tunapitisha maji yazunguke yaondoe joto, na sikufichi, kazi hii naionea fahari kubwa, mama yangu kule Misungwi akiulizwa mwanao anafanya nini anajibu kwamba ananywesha kompyuta kama watu wanavyonywesha ng'ombe, na mimi simsahihishi.

Kila raki ina mipira miwili kwa nyuma, wa kushoto unaingiza maji baridi na wa kulia unatoa ya moto, na vibandiko vilivyokuja na vifaa vimeandikwa L kwa kushoto na R kwa kulia, sasa siku ya kujaribu presha, ambapo kila mpira, wa kuingiza na wa kutoa, tunausukumia maji ya pampu peke yake, mimi nilikuwa kwenye koki chumba cha pampu na mwenzangu Machibya alikuwa kule kwenye raki, amechomoa mpira wa R wa raki ya tatu abadilishe oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kuvuja, iliyokuwa imekatika, akaniita kwenye simu ya upepo, "Dada Selina, fungua L tatu," nami nikasikia R tatu, maana mimi Msukuma na yeye Msukuma na herufi hizo mdomoni kwetu ni ndugu wa tumbo moja, nikafungua, maji yakampiga Machibya kifuani yakatapakaa sakafu nzima, bahati yetu seva zilikuwa bado kwenye maboksi chumba kingine, tukapiga deki kimya kimya na hatukumwambia mtu.

Kesho yake nilibandua L na R zote nikaandika KIGONGO kwa maji yanayoingia na BUSISI kwa yanayotoka, kama tulivyokuwa tunavuka ziwa na kivuko, unaingilia Kigongo unatokea Busisi, na tangu hapo tumefunga mipira themanini na minne bila kudondosha hata tone, mafundi wanaulizana "Busisi ya tisa umekaza?" na hakuna anayeuliza mara mbili.

Sasa Injinia Alexander, bosi wetu aliyetoka Dar, ameviona vibandiko akaniambia, "Selina, hapa siyo stendi ya mabasi, bandua hayo majina ya kishamba, wenye mradi wanakuja kukagua Ijumaa," tena anataka nisaini fomu ya makabidhiano kama fundi mkuu, na watakaobaki kuhudumia mashine zikiwa na umeme ni Machibya na wenzake walewale, mume wangu Shigela anasema bandua tu usipoteze kazi kwa ajili ya vibandiko, lakini roho yangu inakataa. Nifanyeje?

Selina, Buswelu

*

Marahaba, Selina.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea fahari, mara ya pili ukaniudhi, na nitakueleza yote mawili.

Mimi ni mtu wa pwani niliyeishi Mwanza miaka thelathini. Mwaka mmoja jirani aliniambia Jumapili kwao kuna kula, mimi nikasikia kura. Nikavaa, nikachukua kitambulisho cha mpiga kura, nikakuta sahani za wali. Kwa hiyo shida yako naijua vizuri. Wewe uliona kosa, hukuwacheka watu wako wala hukuwaamuru watamke kama watangazaji, ulibadilisha kibandiko. Huo ndio ufundi, mwanangu, na mama yako ana haki ya kujisifu.

Sasa ugomvi wetu. Injinia wako anaona ushamba kwa sababu hajui kwamba maji yalimwagika. Sababu umemficha wewe mwenyewe, halafu unashangaa haioni. Najua uliogopa aseme mwanamke kaharibu. Lakini mficha uchi hazai. Ukibandua hayo majina, siku Machibya atakaposema L na mwenzake akasikia R, seva zitakuwa zinafanya kazi, kumbukumbu za watu zitaloa, na fomu itakuwa na saini yako. Na Shigela mwambie kwa upole kwamba yeye anahofia kazi yako, ila kitakachoipoteza ni maji, si vibandiko.

Fanya hivi. Usingoje Ijumaa, nenda kesho asubuhi pamoja na Machibya, maana mlificha wawili. Mtajie Injinia siku, raki, na kwamba aliyefungua koki ni wewe. Usilie, usijitetee. Kisha mpe simu ya upepo aende chumba cha pampu, Machibya abaki kwenye raki amtajie L na R mara kumi kwa kuchanganya, naye aandike anachosikia. Mkilinganisha karatasi mtakuwa mmemaliza mjadala. Kwa ajili ya wageni, andika L na R kwa herufi ndogo chini ya majina yenu, kila mtu asome chake.

Akikubali, saini jina lako kamili, na chini yake andika fundi mkuu. Akikataa baada ya kusikia kwa masikio yake, hiyo fomu asaini yeye.