Viatu Vyangu Vimemwambia Mzungu Amwache Mumewe

Shangazi Akoru mpendwa, ejok? Nisaidie, maana nimejiingiza mahali sijui pa kutokea. Mimi ni Esekon, dereva wa watalii hapa Lodwar, nina mke, na mwezi uliopita nilimbeba mama mmoja wa Kanada, Heather, tajiri, anasema kwao ana kila kitu lakini roho iko tupu, India ameenda, Peru ameenda, sasa ni zamu yetu. Akataka mwaguzi wa kweli, na wewe unajua wazee wetu hurusha viatu wakasoma vile vimeanguka, nikampeleka kwa mzee mmoja upande wa Kalokol, tukaambiwa amefuata ngamia wake, huyu mama akaanza kulia ndani ya gari. Nikamhurumia, Shangazi, nikavua akala zangu, hivi viatu vya tairi, nikasema hata mimi babu aliniachia kidogo. Nikarusha. Moja ikaanguka kifudifudi, akaniuliza maana yake, na mimi sina habari, nikasema kuna mtu nyumbani anakufungia njia, nikidhani ni maneno ya kawaida tu, nani hana mtu kama huyo? Kumbe ana mume, Mike, wameoana miaka ishirini na sita. Sasa huyu mama amepanga chumba hapa mjini, amevaa shanga mpaka kidevuni, ananiita mwalimu, na Ijumaa anampigia Mike simu kumwambia ndoa imekwisha. Nikisema ukweli kazi imeenda, nikinyamaza Mike ameenda. Nifanye nini?

Esekon, nimecheka kwanza, kisha nimekasirika.

Mwaguzi wa kweli huanza kwa kukuuliza umetoka kwa nani na umewaacha vipi. Wewe ulianza kwa kubomoa nyumba ya watu. Huruma yako naiamini, lakini ungempa chai, umwambie mzee hayuko, tungoje. Ngamia hurudi.

Huyo mama naye, mtu wa kuacha mume kwa sababu ya kipande cha tairi alikuwa na neno lake kabla hajapanda ndege. Hilo ni lake na Mike. Wewe toa mkono wako hapo.

Kesho, usingoje Ijumaa, mkalishe umwambie: nilidanganya, sijui kuagua. Babu usimtaje. Pengine atakataa, adhani mwalimu anampima imani. Basi mpeleke kwa mke wako, amweleze wewe ni nani.

Kazi utapata nyingine. Huyo mama amezunguka dunia nzima akitafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, na mpaka leo hajampata.