Kamba Ambayo Sijaifuta

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba nyonga imeanza kukuachia usingizi. Mama aliniambia kwa simu kuwa sasa unafika mlangoni kwa magongo, na kwamba unagombana nayo njia nzima. Nilifurahi, maana ukianza kugombana najua umepona nusu. Mimi ni mzima, kazi tu ndiyo inayonibana. Barua nimempa dereva wetu anayekuja huko, itakufikia kesho. Usishangae ukubwa wa herufi zake, sababu nitakueleza.

Nianze na habari itakayokupendeza: umeishinda kompyuta. Ulipoumia, dairekta wa filamu alituambia sisi wa kompyuta tuutengeneze upya ule mruko wako wa paani, mtu wa kuchora atoke paa moja hadi jingine na afike salama. Tulihangaika naye wiki kadhaa. Aliruka vizuri mno, ila hakuwa na uzito, akatua kama shati lililopeperushwa kutoka kwenye waya wa kuanikia. Dairekta akamtazama, akakuna kichwa, kisha akaomba aone picha za mruko wako mwenyewe. Ulipojigonga ukutani, watu wote chumbani walijishika nyonga. Akasema basi, hadithi ibadilike: shujaa hafiki, ananing'inia. Vijana wenzangu, wale unaowaita wacheza gemu, walikupigia makofi, nami nikajivuna kana kwamba nimeruka mwenyewe.

Lakini shujaa hawezi kuonekana na kamba ya usalama mgongoni, kwa hiyo nimepewa kazi ile ile iliyokufanya unibandike jina la Kifutio. Nafungua picha moja moja, nafuta kamba, naweka mbingu pale ilipokuwa. Ni kazi ya kukodoa macho. Sijawahi kumtazama baba yangu akianguka polepole namna hiyo, na nakwambia kweli, siku ya kwanza nilizima mashine nikaenda kunawa uso.

Unajua kwamba Baba Mdogo amesimamishwa kazi. Kwa wengine yeye ni fundi wa kamba tu, lakini mtu aliyekufunga mkanda tangu sijazaliwa siwezi kumwita vingine. Ulisema kamba yake ilikuvuta nyuma ungali hewani, na neno lako likatosha. Nani angekubishia, mkongwe wa kuruka? Jumatatu wakubwa wanakaa kuamua kama atafunga tena kamba katika filamu zao. Nilimpigia kumjulia hali. Hakukulaumu hata kidogo. Alisema kama wewe umesema ni kamba, basi labda ni kamba, na kwamba kila akilala anayafunga upya mafundo yake kichwani akitafuta lililokosewa.

Baba, haikuwa kamba. Nimeifuata picha kwa picha, tangu Baba Mdogo alipokupiga mgongoni mara mbili, kama desturi yenu, kukuambia kwamba uko tayari. Ililegea ilivyopaswa, ikakaza ulipogonga ukuta, na ndiyo iliyokuzuia usifike chini. Wewe uliruka mapema, hatua nzima kabla ya utepe wa alama ya kurukia. Mguu wako ulikanyaga ufa uliozibwa kwa saruji, ukidhani ndio utepe.

Hapo nikakumbuka asubuhi ile, maana nilikuwapo kupiga picha za paa. Baba Mdogo alitaka kubandika utepe mweupe, kama siku zote. Ukakataa, ukasema ubandikwe wa kijivu, rangi ya saruji, ili watoto wa kompyuta wasipate cha kufuta kwenye mruko wako. Watu wakacheka, nami nikacheka. Utepe mweupe ningeufuta kabla chai haijapoa.

Hata hivyo, macho mazima yangeuona ule wa kijivu. Nilipokuja likizo ulimimina chai kando ya kikombe, ukaisingizia meza. Gazeti unampa Mama akusomee, eti unaipenda sauti yake. Na wewe ndiye uliyetufundisha, tulipokuwa tukificha vidonda, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nadhani uliamini kweli kuwa ni kamba, kwa sababu mguu wako uliapa umekanyaga alama. Sikuhukumu. Naogopa tu, na nakupenda.

Kamba bado iko kwenye picha. Nimemwomba dairekta anisubiri, nimemwambia kuna mahali panasumbua, na si uongo. Nakuomba umpigie Baba Mdogo mwenyewe kabla ya Jumatatu, umwambie, kisha uwaambie wakubwa. Usipofanya hivyo, nitaingia kwenye kikao chao na picha zangu, kamba ikiwa inaonekana yote. Ningependa sana wasikie kwako. Baada ya hapo twende pamoja kwa daktari wa macho, na njiani unitukane utakavyo.

Msalimie Mama, mwambie ile sweta imenitosha. Wasalimie na majirani wanaokuja kukutazama, na magongo usiyatupe bado.

Kuhusu macho yako, Mama sijamwambia lolote. Ndiyo sababu ya herufi hizi kubwa. Nilitaka barua hii uisome mwenyewe, usilazimike kumwita mtu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Kifutio