Tindi si Adui

Ekero, Mumias
Jumatano, Agosti 1996

Kwa dada yangu Fauzia,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Eldoret, biashara ya nguo ikisonga, na goti lako limepata nafuu, maana baridi ya huko haina huruma. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mola. Miwa inangoja kukatwa, mvua haikosi alasiri, na mama Abu anakusalimu sana. Aliniambia nikuandikie kwa upole. Nilimjibu kwamba upole uliisha jana.

Uliisha Barnaba aliposhuka kwenye lori na ujumbe wako. Barnaba ni jirani mwenye adabu, alikuwa anaona haya hata kunitazama, lakini ulimwambia aseme na akasema, mbele ya watu, pale kwenye kinu cha posho. Alisema kwamba mimi si ndugu yako tena, ni adui wa mtoto wako. Kwamba nimevunja posa ya Umi kwa sababu ya mchezo wa televisheni. Kwamba Jumamosi unakuja na gari kumchukua msichana hapa kwangu, umpeleke mwenyewe Matungu kwa akina Yasin, na nikah isomwe mjomba awepo asiwepo. Fauzia! Pale kwenye kinu! Watu waliacha hata kuangalia magunia yao. Mama mmoja aliziba mdomo kwa leso, na hakuwa analia. Mimi Ayub, ambaye hapa Ekero hakuna anayechimba kaburi bila kuniuliza mahali! Mimi niliyemkalia chatu msituni Isecheno nikidhani ni gogo, nikamaliza muhogo wangu wote juu yake, na chatu mwenyewe akaheshimu! Leo naitwa adui kupitia dereva wa miwa.

Wewe umesikia habari za upande mmoja. Sasa keti, soma na huu mwingine.

Televisheni yangu unaijua. Wengine pia wanazo za betri, lakini antena yangu nimeifunga juu ya mkaratusi, na siku hewa ikiwa safi napata Uganda. Siku moja nilipata nchi ambayo watu wamevaa makoti ya manyoya na wanasoma habari kwa lugha kama ya mbuzi. Mama Abu ni shahidi, ingawa alikuwa amelala. Basi kila Jumapili baada ya Maghrib kunakuwanga na mchezo wa Kiswahili, wa kijiji kimoja kando ya mto, na nusu ya Ekero inajaa sebuleni kwangu. Ndani ya mchezo huo kuna mtu anaitwa Tindi.

Nikueleze, kwa sababu bila Tindi hutaelewa kitu. Wezi wa ng'ombe walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo ya mto. Mwanamke mmoja wa ng'ambo akamnong'oneza Tindi kwamba usiku ule wanakuja na bunduki. Tindi angesema kijijini, watu wangeuliza amejuaje, na yule mwanamke angeuawa. Kwa hivyo alichukua shoka, akaenda peke yake, akavunja daraja. Wezi wakakuta maji, wakarudi. Lakini alfajiri mama mmoja alishikwa na uchungu, hospitali iko ng'ambo, daraja hakuna, na mtoto akafa. Kijiji kilimshika Tindi na shoka mkononi. Aliulizwa kwa nini, akanyamaza. Walimfukuza kwa mawe, na mpaka wiki hii hajafungua mdomo.

Hapa kwangu watu wamegawanyika kama wakati wa uchaguzi. Wengine wanasema Tindi ndiye staringi. Wengine wanasema ni adui, kwa sababu mtoto alikufa, na staringi haui mtoto. Mimi nilishawaambia, anayemwita Tindi adui alete kiti chake na betri yake mwenyewe.

Sasa Jumapili iliyopita wakaja watu wa Matungu. Mzee Athman, ami yake Yasin, alikuwa msemaji, na wazee wengine watatu. Walikuja na sukari, majani ya chai na maneno matamu. Tuliwapokea kama wafalme. Mama Abu alichinjisha ingokho mkubwa, yule jogoo aliyekuwa anafukuza mbwa, na obusuma, ugali wetu, ikapandishwa kama kichuguu. Unajua desturi ya nyumba ya marehemu baba. Imondo, ile firigisi, haiguswi ovyo. Siku ya posa mjomba wa msichana anaishika kwa mkono wake, anamwekea msemaji wa wageni kwenye sahani, na msemaji akishaila, neno limekubaliwa. Niliiweka. Aliiacha kando ya sahani, aile mwisho, kama mtu mwenye adabu.

Hapo mchezo ukaanza. Tindi akaonekana amelala chini ya mwamba, ananyeshewa. Mzee Athman akacheka, akasema anyeshewe tu, huyo ni adui. Nilimjibu taratibu kwamba ameokoa kijiji kizima. Akasema mtu mwenye nia safi husema, anayenyamaza ana lake. Nikamwambia kuna neno ukilisema unamchinja mwingine. Akasema hata mbwa huwa na sababu yake ya kuuma, lakini bado ni mbwa. Wenzake wakacheka. Nikauliza kama huko Matungu mtu anahukumiwa kabla ya mchezo kwisha. Akasema labda mimi nimekaa na televisheni muda mrefu hata nafikiri wale watu wanalala mle ndani usiku. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na mchuzi.

Fauzia, sikufikiri. Nilinyoosha mkono, nikaichukua imondo kwenye sahani yake, nikamtupia paka.

Paka peke yake ndiye alisikika. Mzee Athman aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akaomba maji ya kunawa. Alinawa pole pole, akavaa kofia, akamshukuru mama Abu kwa chakula, na wakatoka kwenye mvua. Hakutukana hata neno moja. Hiyo ndiyo habari uliyopelekewa, na ni ya kweli.

Lakini si yote. Yaliyobaki niliapa nisiseme, na ningekufa nayo kama hungetaja Jumamosi.

Ijumaa kabla ya wageni, Umi alinifuata shambani nikiwa nawapa ng'ombe chumvi. Alisimama kando ya ng'ombe. Nikamtania kwamba bibi harusi hatembei kwenye kinyesi. Akaanza kulia. Alisema, mjomba, sitaki kuolewa na Yasin. Niliruka. Nikamuuliza Yasin amemfanya nini, niende nimvunje miguu. Akasema hajafanya kitu, ni mtu mzuri, anaswali, hana mdomo mchafu, lakini kila akifikiri kuamka naye maisha yake yote anahisi kama anafukiwa mchanga. Nikamwambia aseme kwako, mama ndiye mwenye posa. Aliniangalia kama mimi ndiye mtoto. Akauliza kama nimesahau Sumayya.

Sijasahau. Na wewe usijifanye umesahau. Sumayya, dada yake mkubwa, alipomkataa yule mwenye duka, ulianguka sakafuni, ukapelekwa hospitali, na uliporudi ukawaambia watu kwamba binti yako amekutafutia kaburi. Miaka miwili hukumjibu salamu. Alijifungua mtoto wa kwanza, hukwenda. Umi aliona hayo yote akiwa mdogo, Fauzia. Akaniambia kwamba yeye akikataa utakufa, na asipokataa atakufa yeye, na kwamba mtu pekee anayeweza kuvunja posa bila msichana kulaumiwa ni mjomba. Akanishika mkono, akaniapisha nisimtaje. Ndiyo nikaapa. Ungekuwa wewe ungefanyaje, na chozi la mtoto liko juu ya kidole chako?

Basi Jumapili nilikuwa natafuta ugomvi. Nilimtafuta Mzee Athman kwa kila njia. Nilimkalisha kwenye kiti kibovu, akakisifu. Nilitaja ng'ombe wa mahari wengi kupita kiasi, akasema msichana anastahili. Nilisema watu wa Matungu ni wachoyo, akacheka, akasema ni kweli, hasa yeye. Yule mtu ni mgumu kumchukia! Imondo niliiweka nikijua akiila nimekwisha. Ndipo Tindi akatokea, na mimi nikashukuru Mungu, nikasema hapa hapa.

Lakini ugomvi nilioanza kwa kuigiza ulinigeukia. Aliposema anayenyamaza ana lake, moto ulinipanda kichwani kweli kweli. Nilitaka kumwambia mbele ya wote kwamba mimi pia nimenyamaza, nimuulize anaona nani mbele yake. Sikuweza. Ndiyo paka akala.

Kwa hivyo usiniambie nimeharibu maisha ya mtoto kwa sababu ya sinema. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika. Nimewakasirikia wale waliocheka pale kwenye kinu, na nimekukasirikia wewe zaidi, kwa sababu mtoto wako aliona ni rahisi kumtuma mjomba akatukanwe na wilaya nzima kuliko kukuambia wewe neno moja. Hilo lifikirie ukiwa huko kwenye baridi.

Kesho naenda Matungu na kuku mzima, nimwombe Mzee Athman radhi, maana hakukosa. Nitamwambia kichwa changu kina matatizo, watu wataamini. Lakini posa sitairudisha. Ukija Jumamosi na gari utanikuta mlangoni, na mlango wangu unaujua, ni wa mninga. Ukija bila gari, mama Abu atakupikia. Keti na Umi, muulize pole pole, na akikujibu ukweli, tafadhali dada yangu, usianguke.

Yeye hajui kwamba nimekuandikia. Nilimwapia kwa Mungu, na wino huu umekivunja kiapo. Wewe tayari unaniita adui. Yeye naye ataniita hivyo ukishafungua mdomo wako. Haidhuru, niiteni nyote wawili, mradi muwe mnazungumza.

Wasalimie majirani wote wa huko, na yule mzee wa viatu aliyenifanyia bei nzuri. Abu anakubusu mkono. Mola akulinde na akupe subira, na mimi pia anipe, maana yangu imebaki kidogo.

Wassalaam,

Ni mimi kaka yako, upende usipende,
Ayub