Vibomba Vinne Ndani ya Mkebe wa Vifungo

Baba Njoki wangu,

Leo nimemwaga mkebe wa vifungo mezani nikitafuta cha shati la mjukuu wako, na moyo ukanirudisha kwenye ule uongo wangu. Hukuwahi kuujua. Au uliujua ukanyamaza, maana ulikuwa na tabia hiyo ya kuniacha nikaangike kwa mafuta yangu mwenyewe. Kukutamkia nilishindwa miaka yote tuliyolala kitanda kimoja, kwa hivyo nakuandikia.

Ulirudi kutoka hospitali katikati ya 2007, miguu yote miwili imekatwa juu ya magoti. Jeki iliteleza pale yadi ya Mai Mahiu ukiwa chini ya lori ukilitengeneza. Watu wa kanisa wakatuletea kiti cha magurudumu, wakakiombea, wakakipiga picha. Uliwashukuru vizuri sana, halafu walipoondoka ukaniambia nikitumie kuanikia nguo. Ulisema ni kirefu mno, hakiwezi kuingia chini ya lori. Hapo nikajua unachowaza. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti nikamwahidi Mungu kwamba huyu mtu akipona, hatalala tena chini ya lori. Nilimwahidi bila kukuuliza.

Wewe nawe ukaanza kibao chako. Ulitaka kitu kifupi cha kukalia, chenye mota, kikutoe mlangoni kwetu hadi yadi, kikupeleke kutoka lori moja hadi jingine, kisha ulale chali juu yake ujisukume chini. Ukachukua plaiwudi, mota ya feni ya radieta kutoka gari bovu, betri ya pikipiki na swichi ya taa ya nyumbani. Shida ikawa magurudumu. Njoki wetu alikuwa akiuza mitumba Nakuru, akakutumia viatu vya watoto vya kuteleza, vile vyenye magurudumu manne kwa mstari. Ukayatoa ukayafunga. Kwenye sakafu yetu kibao kilikwenda kama kinateremka, lakini nje kwenye kokoto magurudumu yale membamba yalizama hata hujafika kwa jirani. Nilikuvuta kwa kamba hadi ndani, na nakiri kwamba nilivuta kwa furaha.

Hukukata tamaa. Ulimwagiza Njoki tena, akapata skuta mbili za watoto, zile za kusukuma kwa mguu. Magurudumu yake yalikuwa makubwa zaidi, na katikati yana mapengo. Ulifurahia hayo mapengo kana kwamba umegundua maji. Ulinieleza, nami nikiendelea kushona, kwamba hapo ndipo bolti zitapita, zishike gia ndogo ya baiskeli kwenye gurudumu, na mnyororo kutoka kwa mota uizungushe. Ukang'oa bearing zote, zile pete za gololi zilizo ndani ya magurudumu, ukaziosha kwa mafuta taa, maana wewe kitu cha mtu mwingine hukuwahi kukiamini mpaka ukioshe. Ndipo vikaanguka vile vibomba vinne vya chuma vilivyotenganisha bearing mbili za kila gurudumu, vifupi kama nusu ya kucha ya kidole gumba. Ulivisukuma kando kwenye gazeti. Kwenye gurudumu la lori hakuna kitu kama hicho, na wewe ulikuwa mtu wa malori.

Jioni nilifagia, nikaviokota pamoja na nyuzi, nikavitia kwenye mkebe wa vifungo. Mimi situpi kitu, unanijua.

Ukafunga magurudumu yako kama unavyofunga ya lori, nati hadi mwisho. Bearing zikabanana, hayakuzunguka hata kidogo. Ukilegeza, yanayumba na kutupa mnyororo. Ukakaza, ukalegeza, siku nzima. Kesho yake ukakaa ukikodolea macho lile gazeti, kisha ukaniuliza.

"Mama Njoki, kulikuwa na vibomba vidogo hapa. Umeviona?"

"Sijaviona," nikasema.

Mkebe ulikuwa mbele yangu, mkono wangu juu ya kifuniko.

Ukajaribu kutengeneza vingine kwa bomba la biro, vikapondeka. Fundi wa kukereza chuma alikuwa amefunga duka akakimbilia kwao, kwa sababu huo ulikuwa mwezi wa Januari 2008, kura zimeshaharibika na watu wanachomeana nyumba. Ukafunika kibao na gunia. Siku kumi na moja ulikaa mlangoni, nami nilipika nikiimba. Nje kulikuwa kunawaka, lakini mume wangu alikuwa ndani, na mimi hilo lilinitosha. Naona haya kuliandika.

Barabara ikawa haipitiki ila kwa kusindikizwa na polisi, malori yakajipanga kutoka yadi hadi mbali huko, yakingoja. Mafundi wenzako karibu wote walikuwa wameondoka. Madereva wakaanza kuja mlangoni kukuuliza wewe, na wewe ukawaeleza kwa mdomo. Ndipo akaja yule mrefu mwenye lori la mahindi, aliyekuwa anapanda mlima kwenda Nairobi. Breki zake zilikuwa zinanuka. Ulimtuma arudi chini ya lori mara tatu, kila mara anarudi na kusema ni sawa tu mzee. Polisi wakapiga honi, naye akaondoka.

Hukula chakula cha mchana. Uligeuza uso ukatazama mlima saa zote hizo.

"Breki haisimuliwi, Mama Njoki," ukasema. "Inaonwa. Mimi sijawahi kuachilia lori sijaliona."

Jioni alipiga simu kutoka Limuru. Alikuwa amefika salama, anakushukuru. Ukamjibu kwa adabu, ukaweka simu chini, ukalia. Hukulia hospitali, hukulia siku ya kwanza kujiona kwenye kioo. Ulilia wakati lori limefika salama, kwa kuwa lilipita bila jicho lako. Nikaelewa kwamba nilikuwa nimekuweka mlangoni kama mtungi.

Nikaingia ndani, nikachambua vifungo, nikarudi na vibomba mkononi.

"Ni hivi?" nikauliza.

Uliviangalia, kisha ukaniangalia mimi.

"Vilikuwa wapi?"

"Chini ya cherehani."

"Asante," ukasema. Basi.

Asubuhi vibomba vilikuwa mahali pake kati ya bearing, nati zimekazwa hadi mwisho kama unavyopenda, na magurudumu yakizunguka bila kelele. Ulipita kwenye kokoto ukiwa na sipana mapajani. Turnboy mmoja, msaidizi wa dereva, akapaza sauti, "Niaje boss, hiyo gari inakula nini?" Ukamwambia inakula stima na haitaki maneno mengi. Watu wakacheka, nami nikakufuata nyuma nikijifanya naenda dukani.

Ulifika lori la kwanza, ukalala chali, ukajisukuma. Ulipotea mzima. Nikachuchumaa nikashika ile jeki kwa mikono yangu miwili, mimi fundi cherehani, kana kwamba ikiteleza ningeizuia. Dereva alinishangaa. Ulipotoka, uso mweusi kwa grisi, uliniuliza ninafanya nini hapo. Nikasema nangoja unitume sipana. Hukucheka. Ukanionyesha mawe na vipande vya mbao vya kulizuia lori lisishuke, ulivyokuwa umepanga kila upande kabla ya kuingia, ukanishika mkono ukanigusisha kimoja baada ya kingine.

Ulifanya kazi miaka tisa baada ya hapo. Hukufia chini ya lori, Baba Njoki. Kifua ndicho kilikuchukua, kitandani, alasiri, mimi nikikupangusa uso. Nilipokuosha mikono kwa mara ya mwisho grisi ilikuwa bado kwenye kucha, na sikuisugua.

Nilikuibia siku kumi na moja za kazi yako. Nisamehe hizo, na uongo wa chini ya cherehani. Lakini sitakudanganya tena. Nikirudishwa Januari ile ningevificha tena vile vibomba, hata kwa siku moja tu, nikae nikishona nawe uko mlangoni, na lori lolote lisikujue.

Lala salama, mume wangu. Mimi bado nipo.

Mkeo,
Mama Njoki