Mama, Haikuwa Sumu

Mama yangu mpenzi,

Kesho asubuhi wananipasua tumbo. Naanza na hilo maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Nimelazwa hospitalini hapa Kindu, nimeshika kioo kidogo, kila mara nachungulia macho yangu kama yamegeuka manjano. Nesi ananicheka: "Mama, kioo kitachoka na wewe!" Acha acheke. Mimi naogopa, mama, naogopa kweli.

Unakumbuka maumivu yako ya wakati wa vita? Yalianzia chini ya mbavu, upande wa kuume, yakapanda mpaka begani. Sasa yamenikamata mimi. Yananikunja vilevile ulivyokunjwa wewe, nang'ang'ania pembe ya meza.

Siku zile njia za mashambani zilifungwa. Tulikula sombe, yale majani ya muhogo, kwa maji na chumvi bila mafuta, na wewe ulikuwa mzima. Ila mama mudogo Zuena, mdogo wako wa tumbo moja, alikaa Alunguli, ng'ambo ya mto, na kule mawese yalipatikana. Kila alipopata mtumbwi alituletea sufuria ya sombe inayoelea mafuta. Sisi watoto tulipigania kulamba mfuniko! Wewe ulikula, na jua halijazama ulikuwa unagaagaa chini. Mwanzo ulisema ni tumbo tu. Yaliporudi tena na tena, uliitazama ile sufuria, ukasema, "Ni Zuena. Njo yeye ananiua."

Nikakuuliza, na sisi tuliokula sufuria ileile tukabaki wazima? Ulijibu kwamba sumu inajua jina la muntu.

Mganga akakunywesha dawa ya kutapisha. Ulipotapika maji ya kijani alifurahi, "Muone, sumu njo hiyo inatoka!" Kumbe ilikuwa nyongo yako mwenyewe. Halafu homa ikakutetemesha, macho yakawa manjano, na dawa hospitalini hazikuwepo. Mama mudogo alikuja tena. Alisimama mlangoni, akaonja chakula mbele yetu kama desturi ilivyo, ili tuone kwamba ni safi. "Yaya," alikuita hivyo wewe dada yake mkubwa, "tazama, nakula mimi mwenyewe." Uligeuza uso ukutani. Ukatutoka hujamjibu.

Juzi dokta alinipima kwa mashine ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya tumbo. Akanionyesha mawe, mawe kabisa, ndani ya kifuko cha nyongo. "Ukikula mafuta, hiki kifuko kinajikaza kusukuma nyongo. Jiwe likiziba mulango, njo unasikia ile maumivu. Likishuka likakwama kwenye mrija, macho inakuwa manjano."

Nikamwuliza, "Na sumu?"

"Sumu gani, mama? Ni mawe."

Nikamwomba dawa ya kunywa, mawe yayeyuke nikae na tumbo langu bila kupasuliwa. Akakataa: kwa mawe yangu haya dawa ni kukitoa kifuko chote, na mtu anaishi vizuri bila hicho. Anasema tusingoje macho yabadilike. Nililia pale pale na ute wa baridi wa mashine yao tumboni, na sikujua kama nalilia kisu au nakulilia wewe.

Mama mudogo amekuja leo. Amezeeka. Ameleta uji wa mchele bila tone la mafuta. Akachota kijiko aonje kwanza, kama anavyofanya kwetu tangu ulipoondoka, na hakuna aliyewahi kumwambia aache. Nikamshika mkono. "Hapana, mama mudogo. Lete hivyo hivyo." Nikanywa uji wote. Yeye alibaki na kijiko mkononi, analitazama bakuli tupu.

Ndipo nikamwambia maneno ya dokta. Hakulaumu mtu. Alifuta kijiko kwa pembe ya kitenge chake, akauliza neno moja tu: "Na yaya, nani atamwambia?"

Basi nimekuambia, mama. Lala vizuri, na kesho uniombee niamke.

Binti yako muoga