Gunia la Kuku wa Wifi Tatu

Gairo, Jumapili asubuhi

Wifi yangu Tatu,

Kabla hata ya salamu nakuomba: barua hii isome peke yako, kisha itie motoni. Asiione mama, wala kaka. Nimeificha ndani ya boksi la sabuni kwa sababu simu hapo ni ya mama, na ujumbe huwapa watoto wa jirani wamsomee.

Sasa salamu. Hujambo? Mwanao Shani hajambo? Kikohozi cha mama kimepungua? Mimi mwili ni mzima, ila chakula hakipiti.

Ni lile gunia la mahindi nililotuma mwezi uliopita, nililoliandika “ya kuku wa wifi”. Usiwape tena hata punje moja. Wala msiyasage.

Unajua kazi yangu ni kupokea magunia ghalani na kuyaandika. Mwezi ule yaliletwa mahindi yaliyonyeshewa njiani. Mpimaji akachukua kidogo, akapima, akasema yana sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Tajiri akaamuru yatengwe yachomwe moto. Mimi nikatoa gunia moja, nikampa dereva anayekuja huko nyumbani Mkuyuni. Tajiri akijua, kazi sina.

Nilijiambia kuku si watu. Sote tumekua tukimwona mama akichambua: mazima ya ugali, yaliyooza ya kuku. Lakini nilikuwa nimesimama pale mpimaji aliposema, “Hata kuku yanawaua, dada. Taratibu tu.” Nikalituma.

Sababu nitakuambia, ingawa naona aibu. Tangu baba afariki, firigisi pale nyumbani ilikuwa yangu. Idi iliyopita nilisafiri siku nzima, nikaja na vitenge vya watu wote, na mama akaichukua firigisi akaiweka kwenye sahani yako. “Huyu ndiye mwenye kuku,” akasema. Nawe ukaongeza, “Karani mzima kashindwa kukamata jogoo, firigisi ataipatia wapi?” Mkacheka wote, nami nikacheka. Tangu siku hiyo kila nikipiga simu ni Tatu kauza trei za mayai, Tatu kaninunulia godoro, Tatu ana mkono. Nauliza, mama, kitenge umekishona? Ananijibu kwamba matetea wa Tatu wameanza kutaga.

Kwa hiyo mama aliponiambia kuku wako wanasinzia, vilemba vimepauka, mayai yamekatika, na kwamba umewachanja lakini bado wanakufa, nilisikitika kwa mdomo tu. Akasema, “Labda nilimsifu mno.” Siku hiyo nilijinunulia chipsi, wifi, nikala zote.

Juzi ndipo akaniambia amemchinja yule tetea mweupe aliyedhoofika, ini lake likawa la njano kama limepakwa binzari, akampa Shani kwa kuwa ni laini. Na mahindi yaliyobaki anayachambua ampikie uji. Nikamwambia, “Mama, usiyaguse hayo.”

“Ukungu si unatoka ukiosha? Nimeshayaanika.”

“Mama, nakuomba.”

“Una kiherehere, Rukia. Mwenzio yuko hapa na hajasema kitu.”

Mwenzio ni wewe. Hata pale, wivu ulinichoma kabla ya hofu.

Nikamfuata mpimaji, nikajifanya naulizia mambo ya jirani. Akasema sumu hiyo haitoki kwa kuosha, kuanika wala kuchemsha. Inaharibu ini, na kuku aliyeila hata chanjo haimsaidii vizuri. Kwa hiyo si mkono wako uliokosea. Maini ya hao kuku msile tena. Shani mpeleke zahanati akaangaliwe, hata kama anacheza. Na akitapika au macho yakiwa ya njano, usingoje hata saa moja. Mweleze daktari alichokula. Akiuliza mahindi yametoka wapi, nitaje. Kwa daktari siombi siri.

Gunia lifukie mbali na banda, mahali ambapo kuku hawatachakura. Mama akiuliza, mwambie panya wamelikojolea. Hatabisha, unajua anavyowachukia.

Nikisema sikuonei wivu tena nitakuwa nakudanganya. Hata kukuandikia hivi kunaniuma, kwamba wewe ndiye uliye karibu naye na mimi lazima nikuombe. Ila wale kuku walikuwa wazuri kweli, na hilo sikuwahi kulisema.

Mfikishie mama shikamoo yangu. Kaka msalimu, mwambie soksi alizoniagiza nimezipata. Shani mbusu.

Wifi yako,
Rukia

Saa za kazi usinipigie, tajiri anakaa meza ya pili. Saa saba mchana nakuwa kwa mama ntilie. Chukua simu ya mama: ukishayafukia, nibipu mara moja. Shani akishaonwa na daktari, nibipu tena. Nitakuwa nakaa pale kila siku mpaka nizione bipu zote mbili. Ila ukitaka kunitukana, usibipu. Piga kabisa, saa yoyote, hata tajiri akiwepo. Nitapokea.